Kupima kikohozi kwa mgonjwa wa pumu kali: tutajuaje kama dawa imefanya kazi?

#1 Mpimapumzi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaofuatilia wagonjwa wa pumu kali. Nawasemea wale ambao wako kwenye dozi ya juu ya steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya pili ya kudhibiti, wanaivuta inavyotakiwa, na bado pumu haitulii. Wengi wao sasa wanaanzishiwa sindano za kibayolojia, yaani kingamwili zinazozuia njia za uvimbe wa pumu. Miezi minne baadaye mgonjwa anarudi, anaulizwa "kikohozi vipi?", anajibu "afadhali", na neno hilo ndilo linalobaki kwenye faili.

Fomu tunazozitegemea kupima udhibiti wa pumu, ACQ na ACT, hazitusaidii hapa. ACQ inauliza kuamka usiku, dalili za asubuhi, shughuli za kila siku, kukosa pumzi, mlio wa filimbi kifuani na matumizi ya dawa ya kutuliza. Kikohozi hakimo. ACT ina maswali 5, na kikohozi kinatajwa mara moja tu, kwenye swali la kuamshwa usiku, tena kimefungwa fungu moja na kukosa pumzi, filimbi na kifua kubana. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupanda kutoka alama 12 hadi 19 huku anakohoa vilevile, na wewe ukaandika kwamba amepata nafuu.

Rai yangu ni kwamba kikohozi kipimwe peke yake, kwa njia mbili zinazokwenda sambamba: mgonjwa anavyokihisi, na idadi halisi inayotoka kwenye kinasa sauti. Hizo mbili huwa hazilingani sana, ndiyo maana zote zinahitajika.

Naanza na upande wa mgonjwa. Dodoso la Kikohozi la Leicester, LCQ, lina maswali 19. Kila swali lina majibu 1 hadi 7, na yote yanahusu wiki 2 zilizopita. Maswali yamegawanyika mafungu matatu:

- mwili: 1, 2, 3, 9, 10, 11, 14, 15
- hisia: 4, 5, 6, 12, 13, 16, 17
- jamii: 7, 8, 18, 19

Unatafuta wastani wa kila fungu, kisha unajumlisha wastani hizo tatu. Jumla inaanzia 3, ambayo ni hali mbaya kabisa, hadi 21.

Mfano: kabla ya sindano, fungu la mwili lina jumla 30, hisia 24, jamii 15. Hapo ni 30 ÷ 8 = 3.75; 24 ÷ 7 = 3.43; 15 ÷ 4 = 3.75. Jumla 10.93. Baada ya wiki 16 yamekuwa 38, 31 na 18, yaani 4.75 + 4.43 + 4.50 = 13.68. Amepanda 2.75. Kwa wenye kikohozi sugu, badiliko la 1.3 ndilo linalochukuliwa kuwa dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe analitambua, kwa hiyo hili ni badiliko la kweli kwake.

Wanaojua vinasa sauti endeleeni.

#2 Nesi_Zamu

Asante mkuu. Niongezee makosa yanayojirudia sana kwenye hilo dodoso.

La kwanza ni kujumlisha maswali yote 19 moja kwa moja. Kwa mfano wako mtu angeandika 69, mwenzake angegawa kwa 19 akapata 3.63, na hakuna namba yoyote kati ya hizo inayoweza kulinganishwa na 10.93. Fungu la jamii lina maswali 4 tu lakini lina uzito sawa na la mwili lenye 8. Ukijumlisha kienyeji unalimeza.

La pili ni kugeuza alama. Swali la kuwa na nguvu mwilini na lile la kujiona unakimudu kikohozi yameulizwa kwa upande mzuri, basi mtu anadhani lazima ageuze. Usigeuze. Majibu yamepangwa tayari ili 7 iwe nzuri kila mahali.

La tatu ni kumjazia mgonjwa. Ukimsomea kwa sauti huku mwenzi wake amekaa pembeni, swali la 19, linalouliza kama kikohozi kinamkera mwenzi, ndugu au marafiki, halijibiwi kwa uhuru. Mpe kalamu na dakika zake kumi. Asiyeweza kusoma, msomee faraghani, na mara zote asomewe kwa maneno yaleyale. Tumia tafsiri iliyokwisha kuhakikiwa, usitafsiri papo kwa papo.

Tena kuna jambo ambalo LCQ haliulizi kabisa: kuvuja mkojo wakati wa kukohoa. Kwa wanawake wengi hilo ndilo linalowaumiza kuliko yote, na hawalitaji mpaka waulizwe. Uliza waziwazi, andika pembeni ni mara ngapi kwa wiki.

Kwa kliniki yenye msongamano kuna mstari wa milimita 100: "hakuna kikohozi" kushoto, "kikohozi kibaya kuliko vyote" kulia, mgonjwa anaweka alama, unapima kwa rula. Angalieni fotokopi! Printa ikibana ukurasa ili uenee, mstari unatoka milimita 94. Mgonjwa anayeweka alama mwisho kabisa atasomeka 94 leo, na mwezi ujao kwenye karatasi nzuri atasomeka 100, utadhani amezidiwa. Pima mstari wenyewe kwanza. Ukiwa mfupi, gawa alama kwa urefu halisi kisha zidisha kwa 100.

#3 Kinasa_Sauti

Nachukua upande wa kuhesabu.

Kwanza tukubaliane tunahesabu nini. Kikohozi kina kuvuta pumzi, kufunga koo huku msukumo ukijengeka kifuani, kisha hewa kutoka kwa kishindo. Tunahesabu kishindo. Kila kishindo ni kikohozi kimoja, hata kama mtu amevuta pumzi mara moja akatoa vishindo vitano mfululizo: hivyo ni vitano. Mkupuo, yaani mfululizo mzima wa vishindo kama huo, unahesabiwa kwenye safu yake. Mkiwa wasikilizaji wawili, mmoja anahesabu vishindo na mwingine anahesabu mikupuo, mtabishana hadi kesho kutwa. Kusafisha koo si kikohozi, hakuna kishindo mwanzoni, ingawa kwa masikio yaliyochoka vinafanana.

Mifumo iliyotumika sana kwenye utafiti ni VitaloJAK na Leicester Cough Monitor. Ule wa kwanza una vipaza sauti viwili: kimoja kwenye ukosi wa nguo, kingine kinabandikwa kifuani. Unarekodi saa 24, programu inapunguza ukimya na kelele, kisha binadamu anahesabu kilichobaki. Ule wa pili una kipaza sauti kimoja cha hewani, na programu inachambua huku binadamu akiisaidia kidogo. Faida ya kile cha kifuani ni kwamba kikohozi cha jirani kinasikika hafifu sana ukilinganisha na cha mvaaji. Kwa anayelala chumba kimoja na mtu mwingine anayekohoa, hilo peke yake linaamua kama kipimo kina maana.

Kama mnajiundia kipimo chenu, hesabuni nafasi mapema. Sauti ya njia moja, biti 16, sampuli 16,000 kwa sekunde, inakula baiti 32,000 kila sekunde. Saa 24 ni takriban GB 2.8. Kwa sampuli 8,000 ni nusu yake, na kwa kuhesabu kikohozi inatosha. Kosa la kawaida ni kuacha kinasa kwenye mpangilio wa kiwandani, 44,100 kwa njia mbili: hiyo ni zaidi ya GB 15 kwa siku. Kadi inajaa usiku, na usiku ndio ulioutaka. Faili pia zinakatwakatwa kwa sababu faili ya WAV ya kawaida haivuki GB 4, na kwenye maungio baadhi ya vinasa hupoteza sekunde kadhaa.

Zima upunguzaji kelele wa kiotomatiki na urekebishaji sauti wa kiotomatiki. Vimetengenezwa kulinda maneno, na kwa vifaa hivyo kikohozi ni kelele: vinakibana mpaka mwanzo wake mkali unafifia, na mwanzo huo ndio programu inaoutafuta.

Mvaaji aandike saa aliyozima taa na saa aliyoamka. Gawa hesabu kwa kulala na kuwa macho, usigawe kwa saa za ukutani. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayelala saa 3 asubuhi atakuharibia jedwali zima.

#4 Mwanafunzi_Kifua

Naomba kuuliza wakuu. Simu ya mkononi yenye programu ya kuhesabu kikohozi haiwezi kufanya kazi hiyo? Wagonjwa wengi wanazo tayari, na inaweza kukaa wiki nzima badala ya saa 24.

#5 Kinasa_Sauti

Inaweza, na wiki nzima ni faida kubwa kwa sababu kikohozi kinapanda na kushuka siku hadi siku. Lakini simu ina mitego yake. Mfumo wa kuokoa betri unaiua programu ikiwa nyuma ya pazia. Ipe ruhusa ya kuendelea kabla mgonjwa hajaondoka. Simu ikipigwa, kipaza sauti kinachukuliwa na mazungumzo, na baadhi ya programu hazijirudishi zenyewe. Usiku inawekwa kabatini. Mchana inabaki mezani mgonjwa akiwa uani.

Kwa hiyo usipokee "kikohozi 140 kwa siku" bila kuuliza simu ilisikiliza saa ngapi. 140 ndani ya saa 20 ni 7 kwa saa. 140 ndani ya saa 8 ni 17.5 kwa saa. Ukipata siku yenye saa pungufu mno, itupe. Kiwango cha kutupa kiamuliwe kabla hujaona matokeo, kikiamuliwa baadaye mtu huanza kutupa siku zisizompendeza.

Na uihakiki kwa mgonjwa wako. Chukua vipande vitatu vya dakika 20 kutoka asubuhi, mchana na usiku, sikiliza kwa spika za masikioni, hesabu kwa mkono mara mbili siku tofauti. Kisha linganisha: kati ya vikohozi vya kweli programu imenasa vingapi, na kati ya ilivyovitaja vingapi si kikohozi. Vinavyoidanganya zaidi ni kicheko, chafya, mlango kubamizwa, vyombo kugongana na mbwa kubweka.

Faragha pia. Kinasa cha saa 24 kinasikia nyumba nzima. Waliomo ndani waambiwe, mgonjwa aoneshwe pa kuzimia, na faili ifungwe kwa nenosiri. Programu inayochambua ndani ya simu yenyewe na kutuma namba tu ni bora kuliko inayotuma sauti.

#6 Takwimu_Safi

Hapo kwenye vikohozi vya uongo nataka kukazia, kwa sababu ndipo dawa nzuri inapoonekana dhaifu.

Vikohozi vya uongo haviondoki dawa ikifanya kazi, vinabaki kama sakafu. Tuseme mgonjwa alikuwa na vikohozi 20 kwa saa, sasa ana 4. Amepungua asilimia 80. Programu inayoongeza 2 vya uongo kila saa itasoma 22 na 6, yaani asilimia 73. Inayoongeza 5 itasoma 25 na 9: asilimia 64 tu. Na kadiri mgonjwa anavyopona ndivyo kosa linavyokuwa kubwa ukilinganisha na ukweli.

La pili ni wastani. Hesabu za kikohozi hazikai sawasawa kuzunguka katikati. Zina mkia mrefu upande wa juu. Siku moja mbaya inaburuza wastani wa kawaida. Tumia wastani wa kijiometri. Mfano, siku tatu kabla ya dawa: 22, 31, 18 kwa saa. Zidisha: 12,276. Kipeuo cha tatu: 23.1. Siku tatu baada ya dawa: 8, 7, 30 (siku ya tatu kulikuwa na vumbi la ukarabati). Zidisha: 1,680, kipeuo chake cha tatu ni 11.9. Uwiano ni 0.52, yaani amepungua asilimia 48. Kwa wastani wa kawaida ungepata 23.7 na 15, upungufu wa asilimia 37. Siku ileile moja ya vumbi imekula sehemu kubwa ya nafuu.

Siku ikiwa na sifuri, kuzidisha kunakufa. Ongeza 1 kwenye kila hesabu za pande zote mbili, kisha utoe 1 mwishoni, na uandike kwamba umefanya hivyo.

Kwenye majaribio ya kikohozi sugu kisichosikia dawa, upungufu wa asilimia 30 kwa hesabu ya saa 24 ndio uliotumika kama kiwango chenye maana kwa mgonjwa. Kwa pumu kali uchukulieni kama alama ya barabarani tu, kwa sababu wagonjwa hao si walewale. Na rekodi moja kabla na moja baada haitoshi kwa mtu mmoja mmoja. Siku tatu kila upande ndio mwanzo wa kuaminika.

#7 Daktari_Vifua

Hesabu zimekaa vizuri. Sasa tunazisoma vipi mbele ya mgonjwa?

Kikohozi kwenye pumu kali kina vyanzo viwili vinavyochanganyika. Kipo kinachotokana na uvimbe wa njia za hewa, eosinofili nyingi (chembe nyeupe za damu zinazochochea uvimbe) na makamasi mazito. Hicho huelekea kushuka pamoja na FeNO (kipimo cha gesi ya nitriki oksaidi kwenye pumzi inayotoka) na eosinofili za damu. Kipo kingine cha neva: mishipa ya fahamu ya koo na kifua imekuwa nyepesi mno kuamka, basi hewa baridi, manukato, kicheko, hata kuongea dakika tano kunatosha kukianzisha. Sindano inayozuia eosinofili haina sababu ya kukigusa hicho moja kwa moja.

Kwa hiyo mgonjwa ambaye eosinofili zimeshuka, FeNO imetoka 62 hadi 21, mashambulizi yamekoma, ameacha vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza), lakini vikohozi vimebaki 18 kwa saa na LCQ haijasogea, sindano yake imefanya kazi. Kuikatisha kwa sababu ya kikohozi ni kumrudisha kwenye hatari. Kumwongezea steroidi ni kumpa madhara bila faida. Huyo anatafutiwa chanzo kingine. Angalia dawa za presha za jamii ya enalaprili, lisinoprili na kaptoprili. Ukiziacha, kikohozi huchukua wiki 1 hadi 4 kuisha, mara nyingine miezi 3. Angalia pua na sainasi, asidi ya tumbo, bronkiektasisi (mirija ya hewa iliyotanuka) kwa CT, koo linalojifunga lenyewe wakati wa kuvuta pumzi. Angalia pia dawa ya kuvuta yenyewe: wapo wanaokohoa kwa sababu ya unga wa kifaa, na kubadilisha kwenda pampu yenye spesa kunamaliza habari. Yakiondolewa yote, tiba ya mazoezi ya koo na usemi ina nafasi yake.

Upande wa pili nao upo: hesabu imeshuka nusu, mgonjwa anafurahi, lakini mwezi huo ametumia kozi mbili za prednisoloni. Usiite hayo mafanikio. Kozi hizo zenyewe hushusha kikohozi. Hesabu ya kikohozi inakaa pembeni ya idadi ya mashambulizi, dozi ya steroidi za kumeza na FEV1 (hewa anayotoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza). Haiwezi kuchukua nafasi ya kimojawapo.

Alama zikipanda na hesabu ikabaki palepale, mara nyingi pumzi imefunguka na mgonjwa anajisikia vizuri kwa jumla, au matumaini ya sindano mpya yamemwinua. Hesabu ikishuka na alama zisisogee, uliza mikupuo: huenda vikohozi vidogo vya mchana vimeisha lakini mkupuo wa saa 10 alfajiri unaomfanya atapike bado upo. Kwake yeye huo ndio ugonjwa.

Na kikohozi kilichobadilika ghafla, chenye damu, homa, jasho la usiku au kukonda, kisisubiri ratiba ya kinasa. Picha ya kifua na kipimo cha makohozi cha kifua kikuu kwanza.

#8 Mwanafunzi_Kifua

Nimeelewa sana daktari. Je, kile kipimo cha kuvutisha mgonjwa kapsaisini (kiini cha ukali wa pilipili) mpaka akohoe, si kingetuonesha moja kwa moja kama neva ndizo zenye shida?

#9 Daktari_Vifua

Kinapima wepesi wa neva kuamka, ndiyo. Mgonjwa anavuta mvuke kwa pumzi moja, kila hatua mkolezo unaongezwa mara mbili, na unaandika mkolezo uliomtoa vikohozi 2, kisha 5. Lakini matokeo ya watu wazima wenye afya na ya wagonjwa yanaingiliana sana, kwa hiyo namba moja haimtambulishi mtu. Na kwa pumu kali kuna hatari ya njia za hewa kubana papo hapo: FEV1 ipimwe kabla na baada, salbutamoli na oksijeni viwe mkononi, na mwenye FEV1 ya chini asiguswe. Ni chombo cha maabara za utafiti. Kwa ufuatiliaji wa kliniki hakihitajiki.

#10 Nesi_Zamu

Swali la ratiba, maana hapo ndipo mambo huharibika. Mgonjwa anatakiwa kuanza sindano Jumatatu ijayo. Amemaliza kozi ya prednisoloni wiki iliyopita, tena alikuwa na mafua. Nichukue kipimo cha mwanzo au nisichukue?

#11 Mpimapumzi

Kipimo hicho kitakudanganya pande zote mbili, mkuu. Prednisoloni imekishusha kikohozi, mafua yamekipandisha, na huwezi kujua kilichoshinda. Kikohozi cha baada ya mafua huweza kuburuta wiki 3 hadi 8.

Kama sindano inaweza kusogezwa salama, subirini wiki 4 tangu kidonge cha mwisho na mpaka mafua yaishe, kisha siku 3 za kinasa, LCQ, mstari, FeNO, eosinofili na spirometa, vyote ndani ya wiki moja kabla ya sindano. Kama haiwezi kusogezwa, na mara nyingi haiwezi, mpe sindano. Usimcheleweshee mgonjwa dawa kwa ajili ya grafu. Chukua kipimo hata hivyo, andika juu yake kwa maandishi makubwa "wiki 1 baada ya prednisoloni, mafua", na uamuzi wa wiki 16 uegemee zaidi mashambulizi na dozi ya steroidi.

Baada ya hapo rudia wiki ya 4, ya 16, ya 24 na ya 52. Ya 4 ni ya kuona mwelekeo tu. Uamuzi wa kuendelea au kubadilisha dawa haufanyiki kabla ya miezi 4, na ukiwa na shaka ongeza hadi 6 au 12. Kila mara iwe siku zilezile za juma, kwa sababu siku ya kazi na siku ya mapumziko zina vumbi na maongezi tofauti. Kifaa kilekile, toleo lilelile la programu. Programu ikijisasisha katikati ya ufuatiliaji, sikiliza tena vipande vyako vitatu vya dakika 20 kabla hujaamini namba mpya.

Na siku za kurekodi muulize kama amekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini au amemeza chochote cha kumpa usingizi. Hakatazwi kusema, anahitaji tu kuulizwa, kisha ukaandika jina la dawa na saa aliyoinywa kwenye safu ya siku hiyo.